Mwenye Kawa

Walukuba, Jinja
11 Novemba 2024

Ramlah,

Una wazimu, au kuna mtu kakwambia nimeshakufa na vitu vyangu vinagawiwa? Mtu mwenye akili anamwandikia bibi yake wa miaka sabini na sita, mjukuu wa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyeswali hata vitani, anamwambia, "Bibi, nipe lile kawa tulitie kwenye bahati nasibu"? Bahati nasibu! Kamari ikivaa kanzu ndiyo imekuwa sadaka?

Salamu sasa. Assalamu alaykum. Mimi mzima. Goti la kushoto linalia mvua ikikaribia, la kulia linalisikiliza. Sikio moja limekufa, la pili linachagua. Ndiyo maana simu yako siitaki: wewe unaongea, mimi nasikia nyuki. Andika. Mimi nilijifunza herufi nikiwa bibi tayari, sikujifunza ili zikae bure. Taraben wa duka la vitambaa anakusalimu. Mkwe wake amejifungua msichana wa nne, na yeye anajifanya amenuna huku anagawa peremende mtaa mzima. Mumeo Tamim anakula? Mara ya mwisho alikuwa mifupa na shati.

Haya. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Unasema wewe na Christine na mafundi cherehani wenzenu wa Nabuyonga mnataka kujenga daraja la miguu pale kijitoni Malukhu, lenye vyuma vya kushika pembeni. Vizuri. Unasema mtauza tikiti, mwenye bahati apate zawadi, pesa iende darajani. Vibaya. Unasema serikali haikubali mchezo kama huo bila kibali, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa wa sadaka, na karani wa vibali anataka barua ya mwenye zawadi kwamba ametoa kwa hiari yake. Mwambie karani mwenye zawadi hana hiari.

Na kwa nini kawa lile? Ukutani kwangu yapo matatu. Chukua la kijani, linafunika sinia la watu wanane na mchuzi haupoi. Chukua la manjano. Lile siligusi na wewe usiliguse. Halijaisha. Bado mzunguko mmoja na ukingo. Kitu ambacho hakijaisha hakitolewi kwa watu, nani alikulea wewe?

Habari za pale mtoni usiniandikie tena.

Jafar wa teksi ya Mbale anakuletea hii pamoja na dagaa. Waoshe mara tatu, wana mchanga.

Bibi yako,
Zulaika


Malukhu, Mbale
2 Desemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Wa alaykum salaam. Dagaa nimewaosha mara nne ili usipate la kusema. Sisi wazima. Tamim anakula, lakini anakula kama mtu anayelipa deni: anameza, anashukuru, anaondoka. Mvua ya mwisho imebomoa ukuta wa choo cha jirani, na jirani anasema ni sisi tuliomwaga maji. Christine anakusalimu sana, anauliza kama bado unamwita "yule mrefu". Nimemwambia ndiyo.

Bibi, ulichosema juu ya kamari nimekisikia, na wenzangu nimewaambia. Wengine walicheka, Christine hakucheka. Tumebadilisha. Hakuna atakayenunua bahati. Tutauza chapati, kabalagala za ndizi, na nguo tulizoshona, kwa bei ile ile ya kila siku. Anayenunua anapewa namba bure. Jioni tunaokota namba moja kwenye ndoo, mwenye nayo anapewa zawadi. Hata hivyo kibali kinahitajika, karani amesema zawadi ikitolewa kwa kura lazima waijue. Fomu yenyewe ni fupi. Wanataka jina la kikundi, mahali, tarehe, pesa inakwenda wapi, zawadi ni zipi, na barua ya mwenye kila zawadi. Godoro tumepewa na mwenye duka, barua yake ninayo. Inabaki yako.

Unauliza kwa nini lile. Unajua kwa nini, ila umenilazimisha niandike, basi naandika.

Kwetu msichana akizaliwa bibi anaanza kumsukia kawa, na kawa linakua naye, mzunguko kwa mzunguko, mpaka akaribie kuvunja ungo, kisha siku ya harusi mama yake analifunga ukingo. Hili ulilianza siku ya saba, siku Rehemah wangu aliponyolewa nywele. Alipojua kusema akakuchagulia rangi, zambarau, akasema kama jamu. Alikuwa na miaka tisa, Bibi, mwezi wa nne mwaka jana, maji yalipomchukua pale kwenye mbao akienda madrasa. Mbao ni zile zile mbili. Watoto wa watu wanapita juu yake kila asubuhi, na mimi cherehani yangu iko dirishani, nawaona.

Tamim kila Ijumaa akitoka kuswali anakwenda kupima. Hatua kumi na moja kutoka ukingo huu hadi ule. Wiki inayofuata anapima tena. Simuulizi.

Tumepanga Jumamosi ya kwanza ya Februari, ili vyuma viwe vimesimama kabla ya mvua za Machi. Nakuomba barua tu, mistari mitatu. Kawa lenyewe Jafar atalibeba baadaye.

Kuhusu siku ile sisemi neno lingine, na wewe sikuulizi.

Mjukuu wako,
Ramlah


Walukuba, Jinja
6 Januari 2025

Ramlah,

Usinune kwa kuchelewa. Gari la Jafar lilikufa gia pale Iganga, barua yako ikalala gereji wiki mbili pamoja na kuku wa mtu. Kuku hakufika. Barua ilifika ikinuka oili.

Assalamu alaykum. Hapa kuna joto, ziwa limekaa kimya. Nimepunguza sukari kama ulivyosema, kwa hiyo nimekuwa na hasira zaidi. Taraben anasema hilo haliwezekani.

Nilikwenda kwa Sheikh Adrisi kuhusu mambo yenu ya ndoo na namba. Nilikwenda, sitakuficha, nikijua atakataa. Nilijifunga kanga nzuri kabisa ya kwenda kusikia anakataa. Nikamweleza yote. Akafikiri, akaniuliza, "Bei ya chapati wamepandisha?" Nikasema hapana. Akasema, "Mama Zulaika, mtu amenunua chapati yake kwa bei yake, kisha kapewa zawadi. Zawadi ni zawadi." Nikamwambia arudie, labda ni sikio. Akarudia kwa sauti hadi watu wa nje wakageuka. Mtu ukimtaka awe mkali, ndiyo siku anakuwa mlaini.

Basi haramu imeondoka, imeniacha peke yangu na kalamu.

Barua unayotaka ni hii, nimeifunga ndani. Nimeandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Ni kweli tupu, hakuna neno moja la uongo. Usiniombe lingine.

Zulaika

(Iliyofungwa ndani)

Kwa Karani wa Vibali.

Mimi Zulaika binti Marijan wa Walukuba. Umeuliza kawa ni la nani. Si langu. Mimi ni mkono tu. Kawa ni la Rehemah binti Tamim wa Malukhu tangu mzunguko wa kwanza, kwa desturi yetu. Mimi siwezi kutoa kitu cha mtu. Yeye akisema litolewe, litolewe. Nimeweka kidole ingawa kuandika najua.


Walukuba, Jinja
3 Februari 2025

Ramlah,

Siku ishirini na nane. Nimezihesabu. Hata mahabusu anaruhusiwa kujibu.

Jafar nimemshika pale kwenye kituo, nikamuuliza, sherehe ya Jumamosi ilikuwaje, walikuja watu? Akaangalia viatu vyake. Akasema hakuna sherehe iliyofanyika, uwanja ulikuwa mtupu, kulikuwa na mbuzi tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Bibi, mimi nabeba mizigo."

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kimya hicho nakijua, ni changu, umekirithi kwangu, na ninajua kinavyouma kutokea upande huu kwa sababu nimekaa upande ule miaka mingi.

Unga mliokwisha nunua wa chapati msiuache uingie wadudu.

Zulaika


Malukhu, Mbale
17 Februari 2025

Bibi,

Assalamu alaykum. Sisi wazima. Unga tumegawana.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza niliandika mambo ambayo mjukuu hamwandikii bibi yake. Hii ni ya tano. Nne nimezitia jikoni.

Barua yako ilipofika niliisoma haraka, nikaona jina la Rehemah, nikalia kidogo, nikasema Bibi ameandika vizuri. Sikuelewa. Wallahi sikuelewa ulichofanya mpaka nimefika ofisi ya vibali Kampala, nimesimama dirishani.

Karani ni msichana mdogo, mpole, ana meno ya mbele yenye mwanya. Alipitia karatasi zetu zote akitikisa kichwa, nzuri, nzuri. Alipofika kwenye yako akasoma mara mbili kwa kidole. Akasema, "Nyabo, mama yangu, huyu bibi anasema yeye si mwenye kitu. Mwenyewe ni Rehemah. Tunahitaji barua ya Rehemah. Yuko wapi?"

Bibi, mimi nilizika. Niliosha, nikavisha, nimekaa eda ya machozi yangu yote, watu wamekuja wameondoka. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lile. Hapa Malukhu kila mtu anajua, hakuna anayeuliza. Yule msichana aliuliza tu, kama unavyouliza bei ya nyanya.

Nikamwambia amesafiri.

Akasema, "Haya, hakuna neno. Atarudi lini?"

Nikasema sijui. Akasema, "Akirudi aweke sahihi hapa, nyabo, kibali hakichukui siku nyingi." Akanirudishia karatasi zote, akazipanga vizuri, akazifunga na kibanio ili zisipotee. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi. Christine alikuja kunichukua.

Christine anasema tufute kawa kwenye fomu, tubaki na godoro. Karani mwenyewe alisema kubadilisha ni dakika tano. Mimi ndiye niliyekataa, kwa hiyo sherehe imeahirishwa kwa ajili yangu, na mvua inakaribia kwa ajili yangu, na kama mtoto wa mtu atateleza sijui nitasema nini. Lakini Bibi, mtoto wangu hakuvaa nguo za harusi. Hakumaliza daftari. Nataka kitu chake kimoja kiwavushe watoto wa watu, watu waseme daraja hili limetokana na kawa la Rehemah. Sijui kama nina haki. Wenzangu wananivumilia, lakini uvumilivu wao una mwisho, na ni mwisho wa Machi.

Wewe ulijua barua ile itarudishwa? Nakuuliza hilo tu.

Lile lingine sikuulizi. Ila usidhani silali kwa sababu yako. Mtandio asubuhi ile nilimfunga mimi. Niliukaza vizuri ili usilowe.

Ramlah


Walukuba, Jinja
10 Machi 2025

Ramlah, mjukuu wangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Leo sina habari za goti wala za Taraben. Nimefunga, na mwenye saumu akidanganya ana njaa ya bure, kwa hiyo nikae nikujibu.

Ndiyo. Nilijua itarudishwa.

Sijasoma lakini si mjinga. Nilijua ofisi haitapokea ahadi ya mtu asiyekuwepo. Haramu ilipoondoka nilitafuta mtu mwingine wa kukataa badala yangu, nikampata karani. Na kila neno nililoandika ni kweli, hapo ndipo palipo ubaya wake. Mtu anaweza kujificha nyuma ya kweli pia. Lakini sikufikiri kwamba atakuuliza yuko wapi. Sikufikiri kwamba wewe ndiye utakayesimama pale. Niliposoma "atarudi lini" nilikaa chini sakafuni, na mimi siku hizi nikikaa sakafuni ni watu wawili wa kuniinua. Nilikaa mpaka magharibi.

Sasa lile lingine. Hukuniuliza, nakusifu kwa adabu, lakini adabu imetosha.

Asubuhi ile nilikuwa mgeni wako, nimekaa kwenye mkeka karibu na mlango, nasuka. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Wewe ulisema, "Leo abaki." Ulisema mara moja, nilisikia vizuri, na sikio hili hili. Mimi nikasema, "Mvua si simba. Sisi tulikwenda madrasa na matope magotini. Mtoto wa kike akizoea kubaki, atabaki maisha yake yote." Ukanitii. Ulimchukua ukamfunga mtandio kwa sababu mimi nimesema. Mimi ndiye niliyekulea baada ya mama yako, mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mkubwa akisema hujibu. Nilikufundisha vizuri mno. Laiti ungelelewa na mwanamke mwingine, mwenye sauti ndogo, leo hii kitukuu changu angekuwa na miaka kumi na moja, ananisumbua kuhusu zambarau.

Alipopita mlangoni alilishika kawa akasema, "Bibi, bado mizunguko mingapi?" Nikasema, "Usinihesabie kazi, nenda."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Nenda.

Arobaini ilipokwisha nilipanda gari, tangu hapo sijakanyaga Mbale. Nimewaambia watu ni goti. Si goti. Sindano iko pale pale ilipokuwa asubuhi ile, nimelifunga kawa na kitambaa na sindano ndani yake. Juzi nimelifungua. Imeshika kutu, imeacha alama kwenye ukindu. Nilisema kitu kikibaki hakijaisha, basi na mwenyewe hajaondoka kabisa, anasubiriwa. Na wewe kumbe ulikuwa unafanya vile vile huko kwako, ila wewe ulikuwa unatumia karatasi. Najua ile karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, aliyoandika siku ya mazishi ili ukachukue cheti cha kifo, bado iko ndani ya msahafu wako. Niliiona. Sikusema.

Christine ana haki ya kukasirika. Mwambie yule mrefu kwamba nimesema hivyo, halafu mwambie sitarudia.

Nimemuuliza Sheikh Adrisi, na yeye amemuuliza mwanasheria anayeswali hapa. Mtoto mwenye mali akifariki, mali ni ya wazazi wake, nao ndio wanaoandika. Mnaandika wewe na Tamim, mnaweka na cheti cha kifo. Basi. Karani hahitaji kingine, na hana kosa lolote. Alikufungia karatasi zako na kibanio, huyo mama yake alimlea.

Kwa hiyo nisikilize, na hii ndiyo mara ya mwisho unanitii bila kujibu.

Jumatatu toa karatasi ile kwenye msahafu, nenda na Tamim ofisi ya usajili. Msiende mmoja mmoja. Wakikuuliza jina, sema lote, Rehemah binti Tamim, kwa sauti. Wakikuuliza yuko wapi, sema amekufa. Usiseme amesafiri. Ukilia, lia pale pale dirishani, wasubiri, wanalipwa. Jumanne peleka kwa yule msichana mwenye mwanya, mwombe radhi kwa uongo wako, na uombe radhi kwa uongo wangu pia. Mpaka vyuma visimame, Tamim aache kupima. Afunge kamba nene kutoka ukingo huu hadi ule, na kila asubuhi ya mvua asimame pale mtu mzima, wa kwanza awe yeye. Mtoto yeyote mwenye mama aliyesema "leo abaki," abaki.

Alhamisi Jafar ananileta. Usinipikie futari ya kifahari, uji na tende vinanitosha. Nitandikie mkeka pale pale karibu na mlango, si mahali pengine, na usinihamishe. Mzunguko wa mwisho nitausuka mimi. Ukingo ni kazi ya mama.

Jumatano jioni loweka ukindu wa zambarau kwenye beseni, ulainike, usije ukakatika mkononi mwako.

Bibi yako,
Zulaika